Chimba Kila Mlio

Masomo: 2 Wafalme 6:1–7, Luka 15:8–10



Shoka lililozama katika mto Yordani halikuwa la yule kijana. Wana wa manabii walikuwa wameona makao yao yamekuwa finyu, wakamwomba Elisha waende Yordani wakakate miti ya kujengea. Mmoja wao akiwa katikati ya kazi, chuma kikachomoka kwenye mpini, kikatumbukia majini. Akalia. Kilichomliza hakikuwa mti uliobaki umesimama, bali kwamba chombo kilikuwa cha kuazima. Zama zile chuma kilikuwa kitu cha thamani, na mwanafunzi wa nabii hakuwa mtu wa mali.

Angalieni alichofanya Elisha. Hakumuuliza kwa nini hakukaza mpini. Hakumhubiria juu ya uangalifu wa vitu vya watu. Alimuuliza mahali chuma kilipoangukia, na kijana akamwonyesha. Ndipo nabii akakata kijiti, akakitupa pale pale, chuma kikaelea. Kisha akamwambia kijana akitwae mwenyewe, naye akanyoosha mkono akakishika.

Juma hili nawaomba tulisome somo hili tukiwa na kazi moja mbele ya macho yetu: kazi ya wale wanaoingia majini na ditekta kutafuta pete, mikufu na hereni za watu zilizopotea.

Ditekta si ngeni kwetu. Ni ndugu wa kile kifimbo ambacho mlinzi anakupitishia mwilini kwenye lango la benki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya nao wanaitembeza porini kutafuta dhahabu. Ile ya majini imezibwa ili maji yasiingie, ina mpini mrefu, na chini ina sahani yenye waya uliozungushwa. Umeme katika waya ule huleta uga wa sumaku. Uga ukikuta chuma, dhahabu au fedha, huamsha humo umeme mdogo, na umeme huo hurudisha jibu. Jibu hilo ndilo mlio ambao mtafutaji anausikia masikioni. Marekani, Kanada, Uingereza na Australia wako watu wanaopigiwa simu pete inapozama. Wanakuja na vifaa vyao, na wengine hawadai zaidi ya kile ambacho mwenye pete ataona kinastahili baada ya kuipata.

Kazi yao ina mambo manne ya kutufundisha sisi tunaosema kila Jumapili kwamba tunawatafuta waliopotea.

Jambo la kwanza: uliza mahali

Mtafutaji mzoefu hakimbilii majini. Anakaa kwanza na aliyepoteza. Ulisimama wapi? Saa ngapi? Maji yalikufika magotini, kiunoni au kifuani? Ulikuwa unarusha mpira, au umembeba mtoto? Katika pwani yetu maswali hayo yana uzito wake. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 4, hivyo mahali palipokufika kifuani leo alasiri huenda kesho asubuhi pakawa mchanga mtupu. Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, bahari ikipwa hurudi nyuma hata wanawake wa mwani wakaenda kwa miguu kwenye mashamba yao. Anayejua saa anaweza kuitafuta pete bila kulowa. Asiyejua saa atapiga mbizi bure.

Ndiyo maana aliyeangusha pete anashauriwa asikurupuke kutoka majini. Asimame pale pale, atazame nchi kavu, atafute vitu viwili vilivyopangana, labda mnazi na pembe ya paa, kisha atafute viwili vingine upande wa pili. Wavuvi huukumbuka mwamba wenye samaki kwa namna hiyo hiyo. Mistari miwili ikikutana, mahali pamejulikana.

Historia inatuonyesha hasara ya kujifanya unajua mahali. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akatengeneza haraka kifaa cha kutafuta metali kwa umeme, mojawapo ya vifaa vya kwanza vya aina hiyo, akakileta kitandani kwa mgonjwa. Kifaa kilikuwa kimejaribiwa kikafanya kazi. Lakini daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, akaruhusu upande huo tu upimwe. Kitanda nacho kilikuwa na springi za chuma, zikavuruga mlio. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Mwili ulipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Nasi katika usharika tunaye Bliss wetu, na mara nyingine ni mchungaji. Kijana anaacha kuja ibadani, na kabla hajaulizwa lolote, kikao kimeshajua alipoangukia: pombe, wanawake, mitandao, marafiki wabaya. Maombi yanaelekezwa huko, mahubiri yanaelekezwa huko, na hakuna kinacholia. Akipatikana mtu mmoja wa kukaa naye na kumuuliza, huenda akasema alianguka siku ya msiba wa mama yake, aliposimama kaburini akaangaza macho na hakuona mtu wa jumuiya. Au alianguka siku ahadi yake ya mavuno iliposomwa kwa sauti mbele ya watu, ikaonekana ndogo, na mtu akacheka. Pale ndipo pa kutupa kijiti. Elisha alikuwa nabii, na bado aliuliza.

Jambo la pili: kilichopotea kimezama, hakijaenda mbali

Mtu akipoteza pete baharini hudhani mawimbi yameshaipeleka mkondoni. Mara nyingi sivyo. Dhahabu safi ina uzito zaidi ya mara 19 ya maji ya ujazo ule ule; punje ya mchanga haifiki mara 3. Pete za madukani huchanganywa na shaba au fedha, kwa hiyo ni nyepesi kuliko dhahabu safi, lakini mchanga bado hauwezi kuibeba. Kila wimbi linapoutikisa mchanga, pete inashuka kidogo, mpaka ikutane na kitu kigumu: udongo wa mfinyanzi, kokoto au mwamba wa matumbawe. Hapo inatulia. Watu wanaogelea, watoto wanacheza, na pete iko shibri moja chini ya nyayo zao.

Kusi na kaskazi nazo zina sehemu yake. Msimu mmoja mawimbi huleta mchanga, msimu mwingine huuondoa. Mtafutaji aliyekosa leo anaweza kurudi mahali pale pale msimu ukishageuka, akaupata mlio ambao mwanzo ulikuwa chini mno kusikika. Na dhahabu ikitoka huko haina kutu. Fedha ni habari nyingine. Maji ya chumvi huigeuza nyeusi, ikashikwa na gamba, hata asiyeijua akaitupa akidhani ni kipande cha bati. Chini ya gamba lile ni fedha bado.

Tunapowasema waliopotea tunapenda lugha ya mbali: ametokomea, ameenda na dunia, huyo hayuko tena. Wengi hawajaenda popote. Wanaishi mtaa ule ule, wanapanda daladala zile zile tunazopanda sisi, na wengine wanakaa benchi la nyuma kila Jumapili bila mtu kutambua kwamba wamezama. Mwanamke wa Luka 15 aliipoteza sarafu yake ndani ya nyumba. Haikutoka mlangoni. Ilikuwa sakafuni kwake mwenyewe, na thamani yake ilikuwa ile ile ya zile 9 zilizobaki. Asingewasha taa wala kushika ufagio kama angeihesabu kuwa imekwisha. Tusimzike mtu ambaye Mungu bado anamhesabu.

Jambo la tatu: chimba kila mlio

Hapa ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Ditekta nyingi zina uwezo wa kuchuja. Unaiamuru isilie ikikuta msumari, isilie ikikuta kizibo cha soda, inyamaze ikikuta vipande vya kopo. Inarahisisha sana kazi; unaweza kutembea ufuko mzima bila kusumbuliwa. Tatizo ni kwamba pete ya dhahabu, hasa ile nyembamba ya kike, hulia katika kiwango kile kile cha kishikio cha kopo la bia au kipande cha foili. Mashine haijui thamani. Inachosikia ni jinsi umeme unavyopita katika kile kipande. Ukiifunga isisikie kopo, umeifunga isisikie pete. Wenye kazi hii wanalijua hilo: anayekataa kuchimba takataka harudi na dhahabu.

Baharini kuna la zaidi. Maji ya chumvi yenyewe hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya kawaida huweza kupiga kelele bila kuwapo kitu. Mojawapo ya zinazoyamudu maji hayo ni ile ya mipigo. Inatuma mpigo mfupi wa umeme, inakata, inanyamaza, inasikiliza. Jibu la chumvi hufifia upesi; jibu la metali hukawia kidogo, na mashine hulidaka katika ule ukimya. Inafanya hivyo mara mamia kwa sekunde moja. Lakini mashine hiyo si hodari wa kuchagua. Dhahabu, chuma na risasi, vyote kwake ni mlio. Anayetafuta katika maji magumu ndiye anayelazimika kuchimba vyote.

Mtazameni akiwa kazini. Maji yako kifuani. Anaipitisha sahani polepole, kulia na kushoto, karibu kabisa na mchanga, na kila mpito mpya unapanda kidogo juu ya ule uliotangulia ili pasibaki pengo. Mlio unakuja. Anaurudia kutoka upande mwingine mpaka ajue hasa ulipo, kisha anaweka ncha ya mguu pale asipapoteze. Anashusha koleo lenye matundu mbele ya vidole vyake, analikandamiza kwa mguu, analipindua, analiinua. Mchanga unachuruzika, wimbi linausuuza, na kinachobaki ni kizibo cha soda kilicholiwa na kutu. Anakitia kwenye mfuko wa kiunoni. Halafu anaipitisha sahani tena juu ya shimo lile lile, maana mara nyingine kizibo cha juu ndicho kilichokuwa kikiificha pete ya chini. Mlio unaofuata ni chubwi ya mvuvi. Unaofuata ni chupio la nywele. Anaendelea kuchimba, na hachimbi kwa hasira. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Yeriko nzima ilikwisha kumsikia Zakayo, ikaamua ni takataka: mkuu wa watoza ushuru, tajiri kwa jasho la wenzake. Mji wote ulikuwa umeshamchuja. Yesu akafika chini ya mkuyu, akamwita kwa jina, akaenda nyumbani kwake, na watu wakanung'unika. Humo ndimo Zakayo alimoahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo ya mara 4 kwa kila aliyemdhulumu. Hakuna mtu wa Yeriko aliyeitazamia dhahabu hiyo.

Na sisi tunachuja. Tunachuja kwa mavazi, kwa kabila, kwa lafudhi, kwa mtaa mtu anakotoka. Binti aliyezaa kabla ya ndoa analia mlio mmoja masikioni mwetu, nasi tunampita. Mlevi anayepayuka dirishani wakati wa sala analia mlio mwingine, na mzee wa zamu anatoka kumfukuza. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wahenga. Sisi tunataka kitoweo bila kulowa miguu. Hata tukimwendea mtu, tunatuma mpigo juu ya mpigo: aya, ushauri, onyo, aya nyingine. Hatunyamazi. Tunatoka kwake tukisema ana moyo mgumu, kumbe jibu lake lilikuja wakati sisi bado tunazungumza.

Jambo la nne: rudisha kwa Mwenyewe

Pete nyingi za ndoa zimeandikwa ndani: jina, pengine na tarehe. Aliyeikuta pete isiyo yake anapimwa hapo. Kumbukumbu la Torati 22:1–3 haitoi mwanya. Ng'ombe, kondoo, vazi, chochote cha ndugu yako ukikiona kimepotea, hupewi ruhusa ya kujifanya hukukiona. Unakitunza mpaka atakapokuja kukitafuta, nawe unamrudishia. Pete haiwi ya mwenye ditekta. Vivyo hivyo mtu aliyerudi kundini si nyara ya aliyemleta. Si wa kusimamishwa mbele ya watu kila sherehe atoe ushuhuda, si namba ya kupamba taarifa ya mwaka, si wa kukumbushwa ni nani aliyemtoa wapi. Ni wa Mwenyewe.

Na ule mfuko wa kiunoni? Mtafutaji mwungwana hamwagi takataka zake majini. Ndoano, misumari, chubwi, vipande vya kopo vyenye makali, vyote vinatoka pwani pamoja naye. Nalisema hili kwa sababu ziko siku nyingi ambazo pete haipatikani. Mmarekani Mel Fisher alianza mwaka 1969 kuitafuta Atocha, merikebu ya Hispania iliyozama mwaka 1622 karibu na Florida. Mwaka 1975 mwanawe na mke wa mwanawe walikufa majini katika kazi hiyo. Shehena kuu ilipatikana tarehe 20 Julai 1985, baada ya miaka 16. Yote hayo kwa ajili ya dhahabu na fedha ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Sisi tukimtembelea mtu mara mbili asipofungua mlango, tunafuta jina lake kwenye daftari.

Mungu hajatuahidi kwamba kila tunayemtafuta tutamwona akirudi kwa macho yetu. Lakini mtoto atakayekanyaga mchanga ule kesho hatachomwa na ndoano. Ziara iliyoshindwa kumrudisha mtu inaweza kuwa imeondoa uvumi mmoja, imemaliza kinyongo kimoja, imempa mama yake usiku mmoja wa usingizi. Hiyo pia ni kazi ya Bwana, na haipotei.

Wapendwa, katika mto ule ule ambamo shoka lilizama, Yesu alishuka akabatizwa pamoja na watu waliokuja na dhambi zao. Hakuwatafuta akiwa amesimama ukingoni. Kanisa lake nalo halina ruhusa ya kubaki ukingoni.

Juma hili kila jumuiya imchague mtu mmoja. Msimtaje kwenye maombi ya hadhara kana kwamba ni tangazo. Wawili wenu waende kwake, saa ambayo yeye ana nafasi, si saa inayotufaa sisi. Wamuulize ni wapi palipomuumiza, wasimuulize kwa nini haji. Wakishauliza, wanyamaze. Jibu la kwanza likiwa matusi, wasiondoke. La pili likiwa mzaha, wasiondoke. Warudi tena juma lijalo.

Nawe unayesoma haya ukijua kwamba aliyezama ni wewe, neno langu kwako ni fupi. Yule kijana hakurudishiwa chuma kwa sababu alijieleza vizuri. Alionyesha mahali. Mwonyeshe Mungu mahali, na ukiweza umwonyeshe pia mtu mmoja unayemwamini. Kikielea, usingoje mwingine akuokotee. Nyoosha mkono ukitwae.

Bwana awe nanyi nyote.